Muulize Mwalimu: Jua na miaka yake 11

Barua za safari hii, ukitoa mbili tatu, zote ni za jua. Sishangai. Kila wiki inapita kwenye simu zetu sauti ya mtu asiyejulikana akituonya kuwa dhoruba ya jua i njiani, yaani jua limerusha angani gesi yake yenye umeme na sumaku ije iitikise sumaku ya dunia, tuzime simu tulale. Nimefundisha fizikia skuli za Pemba mpaka nikastaafu, na muda wote huo hakuna mwanafunzi aliyeniuliza habari za madoa ya jua, maana halikuwa swali la mtihani. Sasa wananiuliza nahodha, muadhini na mkulima wa mwani. Hawa hawana mtihani wa kufaulu, wanataka kujua tu, na hao ndio wanafunzi ninaowapenda. Barua nimezifupisha.

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni nahodha, Kojani. Tunatumia GPS ndogo ya mkononi kurudi kwenye miamba tuliyoiwekea alama. Miaka hii miwili mitatu kuna nyakati, baada ya isha, inatwambia tuko pahala ambapo sipo, kisha satelaiti zinapotea, halafu baadaye inakaa sawa yenyewe. Fundi kabadilisha betri, wapi. Kijana mmoja chomboni anasema ni jua. Usiku kuna jua gani?

Waalaykumu salaam, Nahodha. Kijana wenu mwongezeeni fungu, kasema kweli.

Jua limekuchwa, lakini kazi lililoifanya mchana ingali juu ya vichwa vyenu. Kuanzia kiasi cha kilomita 80 au 90 kwenda juu, mpaka mamia ya kilomita, hewa nyembamba iliyoko huko hupigwa kutwa nzima na miale mikali ambayo jicho haliioni, yaani urujuanimno na eksirei. Miale hiyo huzibandua elektroni za hewa, hewa ikawa na umeme. Tabaka hilo linaitwa ionosfia. Wazee wetu waliokuwa wakifungua redio za masafa mafupi usiku, London na Cairo zikiingia kwa kuvuma na kufifia, walikuwa wakilitumia bila ya kulijua, kwani ndilo lililokuwa likiyarudisha mawimbi yale chini.

Mawimbi ya GPS hayarudishwi, yanapenya. Yanatoka kwenye satelaiti zilizo juu kilomita 20,200, yanalipita tabaka hilo, yanafika mkononi mwako. Tabaka likitulia, kifaa kinajua kulifanyia hesabu. Likichafuka ndipo penye kazi, na sisi tumekaa pabaya. Ikweta ya sumaku ya dunia haipiti Kenya kama ile ya kwenye ramani. Upande wetu huu inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana, juu ya mstari huo, hewa yenye umeme hunyanyuliwa, kisha huteremka pande mbili, kaskazini na kusini, ikajaza mikanda miwili minene. Unguja na Pemba ziko karibu na mkanda wa kusini. Jua likishatua, sehemu ya chini ya tabaka hupotea haraka na ya juu hubaki nzito. Hapo tena mapovu ya hewa iliyopungukiwa na umeme huchomoza kutoka chini, yakapanda na kulitoboa tabaka zima. Wimbi la satelaiti likikatiza kwenye mapovu hayo linayumba, mara lina nguvu mara halina, na kifaa kinalipoteza. GPS inahitaji satelaiti nne kwa uchache ili ikwambie uko wapi. Zikipungua, inabahatisha.

Hali hii huzidi Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba, kuanzia kiasi cha saa 2 usiku mpaka kupita usiku wa manane. Zikumbuke safari zenu za dago, mnapokwenda kupiga kambi ya uvuvi, uone kama hailingani. Na huzidi katika miaka ambayo jua limechangamka. Jua huchangamka na kutulia kwa zamu ya kiasi cha miaka 11, na kilele cha zamu hii kilifika Oktoba 2024. Mwaka 2019 jua lilikuwa limelala, na ukiwauliza wenzako nadhani watakwambia mwaka ule GPS hazikuwasumbua hivi.

La kufanya: usipite mlango mwembamba wa miamba usiku kwa kutegemea kifaa kimoja. Vifaa vipya vinavyopokea satelaiti za mataifa mbalimbali, hasa vyenye masafa mawili, huvumilia zaidi. Na nyota mlizofundishwa na wazee wenu hazihitaji betri.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Chake Chake. Kitabu kinasema jua ni gesi. Sumaku ninayoijua mimi ni chuma. Gesi inakuwaje sumaku? Kwa nini iwe inageuka kila miaka 11? Na nani aliyehesabu?

Marahaba, mwanangu. Maswali matatu kwa stempu moja! Nitaanza na la mwisho, maana lina hadithi.

Aliyehesabu ni muuza dawa. Heinrich Schwabe, wa mji wa Dessau, Ujerumani, alikuwa akitafuta sayari ambayo watu walidhani iko karibu na jua kuliko Utaridi. Alifikiri ikipita mbele ya jua ataiona kama kidoa cheusi. Sasa jua lina madoa yake tangu hapo, na wakina Galileo walikwisha kuyaona kwa darubini zaidi ya miaka 200 kabla yake. Ili asiyachanganye na sayari yake, Schwabe akawa anayachora kila siku isiyokuwa na mawingu. Alianza 1826. Sayari hakuipata, kwa sababu haipo. Lakini kufika 1843, alipoitazama hesabu yake, aliona madoa yanaongezeka na kupungua kwa zamu ya kiasi cha miaka 10. Mimi humpenda mtu huyu kuliko wakubwa wengi wa sayansi. Alikuwa na duka lake na daftari lake, basi.

Mswisi mmoja, Rudolf Wolf, akafukua kumbukumbu za zamani, akaisahihisha hesabu ikawa karibu miaka 11, na mzunguko ulioanza 1755 akauita wa kwanza. Huu tulio nao ni wa 25, umeanza Desemba 2019. Usiikariri 11 kama sheria. Mizunguko mingine huishia miaka 9, mingine hukaribia 14.

Kuwa madoa ni sumaku, hilo lilijulikana 1908. George Ellery Hale, huko Mount Wilson, California, aliuchambua mwanga wa madoa katika rangi zake akakuta mistari iliyopaswa kuwa mmoja mmoja imegawika. Mwanga unaotoka ndani ya nguvu ya sumaku ndivyo unavyofanya. Ndani ya doa kubwa nguvu hiyo hushinda sumaku ya dunia maelfu ya mara. Ni kali kiasi cha kuzuia joto lisipande kutoka chini, ndiyo maana doa lina nyuzi kiasi cha 3,500 hadi 4,000 wakati uso wa jua pembeni yake una 5,500. Si jeusi. Ungeliweza kulibandua na kulitundika peke yake angani usiku, lingeng'aa.

Sasa gesi na sumaku. Gesi ya jua si kama ya mtungi wa jikoni. Imepata moto mpaka elektroni zimebanduka, kwa hiyo inapitisha umeme, na umeme unaotembea huzaa sumaku. Hilo ulilifanya mwenyewe maabara ulipozungushia waya kwenye msumari. Na kwa kuwa jua si kitu kigumu, halizunguki kwa pamoja. Katikati huchukua siku kama 25 kumaliza mzunguko mmoja, karibu na ncha huchukua kiasi cha 35. Mistari ya sumaku inayotoka ncha hadi ncha imenasa ndani ya gesi hiyo, kwa hiyo katikati hukokotwa mbele na pembeni hubaki nyuma, mwaka hata mwaka. Umewahi kukaa na bibi anayesokota kamba ya usumba? Akizidisha msokoto, kamba haikubali tena kulala, inajikunja na kutoa kitanzi. Kitanzi cha sumaku kikichomoza nje ya uso wa jua, pale kinapotokea panakuwa na doa, na pale kinapozama panakuwa na doa jingine. Ndiyo sababu madoa huandamana mawili mawili au makundi mawili, moja ncha ya kaskazini, jingine ya kusini.

Mzunguko ukianza, madoa hutokea mbali na ikweta ya jua, kwenye nyuzi 30 hivi kaskazini na kusini. Kila miaka ikienda, mapya hutokea karibu zaidi na ikweta. Mabaki ya sumaku ya madoa yaliyokufa husombwa kuelekea kwenye ncha, na mengi yana alama iliyo kinyume na ya ncha yenyewe. Huifuta sumaku ya zamani kidogo kidogo mpaka ncha inageuka. Hilo hutokea kileleni, madoa yakiwa mengi kabisa. Mzunguko unaofuata kila jozi ya madoa hupangika kinyume na ilivyokuwa. Kwa hiyo ukitaka kulihesabu jua mpaka lirudi vilevile lilivyokuwa, si miaka 11, ni kama 22. Andika hilo pembeni ya kitabu chako.

Na kama unatafuta la kusomea huko mbele: mwaka 2019 jopo la wataalamu walikadiria kuwa kilele cha mzunguko huu kitakuwa Julai 2025 na hesabu ya madoa itafika 115. Kilikuja Oktoba 2024, tena kwa 160 na ushei. Nafasi za kazi zipo.

Mwalimu, nimeletewa ujumbe kuwa ncha za sumaku za jua zimegeuka. Msikitini kwetu Makunduchi tunatumia dira ya kibla. Nayo itageuka? Muadhini.

Haigeuki, Sheikh, na sala zenu za nyuma ziko salama kwa upande huo. Dira hufuata sumaku ya dunia, ambayo inatoka kwenye chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya ardhi, na haina ahadi na ya jua. Ya jua hugeuka kila mzunguko. Ya dunia mara ya mwisho iligeuka miaka kama 780,000 iliyopita. Dhoruba kubwa ya jua huitikisa sindano ya dira, lakini kwetu huku ni kwa kiasi ambacho dira ya mfukoni haikuonyeshi.

Ningekuwa mimi ningeziogopa zaidi nondo za nguzo na spika la msikitini. Dira ukiiweka karibu na spika itakupeleka popote. Njia ya uhakika ni jua lenyewe. Tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Alkaaba moja kwa moja, na saa ya Makka na yetu ni moja. Siku moja mbele au nyuma haina neno. Simamisha kijiti wima, tazama kivuli, elekea kinyume chake, upande lilipo jua. Kwetu utakuta ni kaskazini, kidogo tu kuelekea mashariki.

Bi Mwalimu, mimi nalima mwani Jambiani. Unaoza na kukatika. Bamvua likitoka mchana, maji yaliyobaki yanaunguza miguu. Nimesikia jua limefika kileleni. Ndiyo sababu? Likishuka, mwani utarudi?

Mwenzangu, ningependa nikujibu ndiyo, maana ingekuwa ni kusubiri tu. Lakini sivyo.

Joto la jua linaloifikia dunia, kabla halijaingia hewani, ni kiasi cha wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Baina ya mwaka wa kilele na mwaka wa usingizi hesabu hiyo hubadilika kwa wati moja hivi, sehemu moja katika elfu. Miale ile mikali niliyomwelezea Nahodha ndiyo inayopanda na kushuka sana, nayo huishia juu angani, haifiki kwenye kamba zako. Duniani mzunguko huu hubadilisha joto kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja. Mguu hauwezi kuijua hiyo.

Tena tazama hili. Satelaiti zimekuwa zikilipima jua tangu 1978, na halikuzidi kuwaka. Mzunguko wa 24, uliopata kilele 2014, ulikuwa dhaifu kuliko yote kwa karibu miaka 100. Kama jua ndilo lingekuwa na hatia, miaka ile bahari ingepoa. Badala yake iliendelea kupata joto, kwa sababu ya hewa ya kaboni inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambayo inalizuia joto lisitoke. Hiyo haishuki baada ya miaka 11.

Nakumbuka mwani ulipoanza kulimwa kibiashara huko kwenu na Paje, 1989, watu wakicheka kuwa kinamama wanapanda majani baharini. Wakajenga nyumba kwa majani hayo. Ile aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei, ndiyo isiyovumilia maji ya moto, aina ya spinosi inavumilia zaidi kidogo. Wenzako wanaojaribu kusogeza kamba kwenye maji ya kina wanakwenda upande wa sawa, ingawa najua kina kinataka chombo na kuogelea, na si kila mmoja wetu alifundishwa. Hilo ndilo la kuwadai wakubwa. Jua kushuka usilisubiri.

Mei 2024 jua lilipiga dhoruba kubwa, na Jumapili yake intaneti ikakatika Tanzania nzima. Na ile miezi ya giza Unguja 2009? Mbona hamsemi kuwa ni jua? Msomaji, Mjini.

Hatusemi kwa sababu si kweli, ingawa nakiri kwamba tarehe zinashawishi. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 2003. Ilitoka kwenye kundi la madoa lenye upana wa karibu mara 15 ya dunia yetu, na taa za angani, ambazo kwa kawaida ni za watu wa ncha za dunia, zilipigwa picha hata Afrika Kusini. Jumapili tarehe 12 intaneti ikaanguka. Lakini kilichoanguka ni mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, iliyokatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ndani ya mkongo unapita mwanga kwenye nyuzi za kioo, na dhoruba ya sumaku haikati kioo.

Giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010 ndilo rahisi zaidi kulijibu. Jua wakati ule lilikuwa usingizini, mwaka 2009 siku nyingi zilipita bila ya doa hata moja. Tulikosa umeme karibu miezi mitatu kwa hitilafu ya njia yetu wenyewe ya umeme kutoka bara. Tusimsingizie aliyelala.

Jua kuzima umeme linaweza. Tarehe 13 Machi 1989 lilizima jimbo zima la Quebec, Kanada, watu milioni 6, kwa saa 9. Lakini Quebec iko karibu na ncha ya sumaku, ina nyaya ndefu mno, na mwamba wa chini yake haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mkondo ukatafuta njia kwenye nyaya. Sisi hatuna hata kimoja katika hivyo. Ukisikia dhoruba ya jua, simu yako usiizime, haina habari nayo.

Wazee wa Mtambwe wanasema karafuu zina mwaka wao mkubwa. Ni mzunguko wa jua?

Hapana. Mkarafuu ukizaa sana huchoka, unataka muda wa kujijenga, na mvua nayo ina neno lake. Kama mwaka mkubwa ungengoja miaka 11, Pemba tungekuwa tumeshayauza mashamba.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha skuli ya msingi Wete. Darubini hatuna. Naweza kuwaonyesha watoto madoa ya jua bila ya kuwaharibu macho?

Unaweza, na usingoje. Tafuta ile darubini ya macho mawili, waongozaji watalii wanazo na wengine hukubali kuazima kwa siku moja. Jicho moja la darubini lizibe kwa kipande cha katoni na utepe. Katoni kubwa zaidi itoboe, uivishe mbele ya lenzi iliyo wazi ili ipatikane kivuli nyuma. Darubini ifunge kwenye mgongo wa kiti, upande mkubwa uelekee jua, wewe simama ubavuni. Usiilenge kwa kuchungulia: izungushe huku ukitazama kivuli chake chini, kivuli kikiwa kifupi kabisa umelipata. Karatasi nyeupe ishike nyuma yake, kama nusu mita, halafu zungusha kile kigurudumu cha katikati mpaka ukingo wa jua ukate sawasawa. Litakaa duara kwenye karatasi na kuanza kuhama, maana dunia inazunguka, na kila dakika moja mbili utalirudisha.

Watoto wachore walichokiona kwa penseli. Watakuuliza kipi ni doa na kipi ni uchafu. Tikisa karatasi: kinachokwenda na karatasi ni uchafu wa karatasi. Zungusha darubini kidogo: kinachobaki pahala pake kwenye duara la jua ni doa. Kesho saa ileile rudieni, madoa yatakuwa yamesogea upande mmoja, na doa lenye umri mrefu litavuka uso wote kwa wiki mbili hivi.

Mtu asitie jicho kwenye darubini hiyo hata kwa mzaha, hata jua likiwa jekundu linazama. Wewe usiondoke pale. Kila baada ya dakika chache igeuze kando ipoe, lenzi hupata moto.

Nasema usingoje kwa sababu tunateremka. Madoa yapo mengi bado, na dhoruba kali huweza kuja hata baada ya kilele, zile za Oktoba 2003 zilikuja karibu miaka miwili baada ya kilele cha wakati ule. Lakini kufika kama 2030 kutakuwa na wiki ambazo watoto wako watachora duara tupu. Watunzie daftari. Wale wa darasa la tatu wa leo watakuwa sekondari madoa mapya yatakapoanza kutokea huko juu, mbali na ikweta ya jua, jozi zake zikiwa zimepangika kinyume. Huo utakuwa mzunguko wa 26.